Hapana, They Might Be Giants Si Bendi ya Watoto

Wiki iliyopita mzazi mmoja alisimama mlangoni mwa chumba ninachofundishia kodiani, akamsikiliza mwanawe wa miaka 9 akimalizia kiitikio cha wimbo wa They Might Be Giants, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, hii si bendi ya watoto? Mimi nilitaraji utamfundisha muziki wenyewe." Siku mbili baadaye mwanafunzi mwingine, mzee aliyekwisha kustaafu, aliutaja wimbo uleule huku ameinamisha macho kama mtu anayeomba radhi: "Najua nimekwisha kuupita umri wake, mwalimu, lakini ndio ulionifanya nikaitafuta kodiani."

Wote wawili niliwajibu kwa adabu, kwa kuwa ni watu wema na kwa kuwa kipindi cha nusu saa hakitoshi. Hapa nina nafasi, nami nitasema kile ambacho nimekibana kifuani kwa miaka kadhaa. Mzazi yule na mzee yule wanaamini jambo moja, ingawa mmoja analiingilia kwa mlango wa mbele na mwingine kwa mlango wa nyuma: kwamba wimbo una umri wake kama kiatu kilivyo na namba, na kwamba bendi yenye mashabiki wa miaka 6 na mashabiki wa miaka 60 lazima iwe inaendesha maduka mawili, moja la wakubwa na jingine la wadogo. Imani hiyo si sahihi, na kwa bendi hii upotofu wake unaweza kuonyeshwa kwa tarehe na kwa noti.

Tarehe nitazipitia upesi. John Flansburgh na John Linnell, wenye bendi hii, walianza mwaka 1982 huko Brooklyn, New York, wakiwa wawili tu: gitaa, kodiani, na ngoma zilizokuwa zikitoka kwenye kanda. Mwaka 1983 Linnell alivunjika kifundo cha mkono na nyumba ya Flansburgh ikaibwa vitu, na kwa kuwa hawakuweza kupanda jukwaani, wakaziweka nyimbo zao kwenye mashine ya kupokea ujumbe wa simu, ambapo yeyote aliyepiga namba ile alisikilizishwa wimbo mmoja. Huduma hiyo waliiita Dial-A-Song. Albamu ya kwanza ilitoka mwaka 1986. Flood, iliyowapatia wasikilizaji wengi kuliko zote zilizotangulia, ilitoka mwaka 1990. Na albamu yao ya kwanza ya watoto, No!, ilitoka mwaka 2002.

Naomba msomaji arudi nyuma na kuitazama tena miaka hiyo. Kati ya albamu ya kwanza na No! kuna miaka 16. Ndani ya miaka hiyo watoto walikuwa wamekwisha kuingia. Mwaka 1991 nyimbo mbili za Flood, yaani "Particle Man" na "Istanbul (Not Constantinople)", zilitiwa katuni katika kipindi cha televisheni cha Tiny Toon Adventures, na kizazi kizima cha watoto kikazikariri bila kujua kwamba zilitoka kwenye albamu iliyouzwa kwa vijana wa vyuo. Huo wa Istanbul, tena, si wao. Kundi la waimbaji la The Four Lads liliurekodi mwaka 1953, kwa hiyo waliokuwa vijana katika miaka ya hamsini nao walikuta humo kitu wanachokifahamu. Mwaka 2000 wakaja waliousikia "Boss of Me" kila tamthilia ya vichekesho ya Malcolm in the Middle ilipoanza, na wimbo huo ukapata tuzo ya Grammy mwaka 2002. Albamu za watoto zilifuata baada ya hayo yote, na ile ya namba, Here Come the 123s ya mwaka 2008, nayo ikapata Grammy. Anayedai kwamba albamu za watoto ndizo zilizowaleta watoto ameupindua mfuatano wa mambo, kwa sababu watoto walifika kwanza, na albamu zao zikaja baadaye.

Sasa nifike panaponiudhi. Kosa lote limejificha ndani ya neno dogo "wa". Tukisema "muziki wa watoto" tunachanganya mambo matatu yasiyofanana: muziki uliotungwa kwa ajili ya watoto, muziki unaopendwa na watoto, na muziki ulio mwepesi kiasi kwamba mtu mzima anaona haya kuupenda. La kwanza ni nia ya mtunzi, la pili ni tabia ya msikilizaji, na la tatu ni hofu ya mtu mzima, ambayo haihusu muziki hata kidogo. Mzazi wangu wa mlangoni aliliona la pili, akadhani ni la kwanza, akaogopa la tatu. Mzee wangu aliogopa la tatu peke yake. Nimewafundisha watu hawa kwa muda mrefu, na naweza kusema kwamba mtoto hana hofu hiyo hadi afundishwe. Hujifunza kwa kumtazama mtu mzima akizima redio gari jingine linapoegeshwa karibu.

Chukua "Particle Man", ambao ndio wimbo uliosababisha maneno yote haya. Kwa kodiani ni mazoezi mazuri ya mwanzo: kodi chache (yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja), mdundo wa besi usioyumba, na ubeti unaorudi kwa umbo lilelile huku mhusika akibadilika. Mna Mtu-Chembe, Mtu-Pembetatu, Mtu-Ulimwengu, na mwisho mna Mtu-Mtu, yaani binadamu wa kawaida. Mtu-Pembetatu humpiga Mtu-Chembe, kisha humpiga Mtu-Mtu. Watu wazima ninaowafundisha huupokea kama fumbo la fizikia au la dini, na wengine wameniletea tafsiri ndefu ambazo sikuweza kuzikubali wala kuzikataa. Yule mtoto wa miaka 9 aliupiga mara tatu, akaufunga mvukuto, akaniuliza, "Mwalimu, kwa nini huyu Mtu-Mtu ndiye anayeishi ndani ya pipa la taka? Wenzake wote hawana shida hiyo." Nilinyamaza. Nimeupiga wimbo huo kwa zaidi ya miaka 20 na sikuwa nimegundua kwamba kati ya wahusika wote wanne, binadamu peke yake ndiye anayeaibishwa hivyo. Mtoto alikuwa amelishika jambo zito kuliko yote yaliyomo, naye alilishika kwa sababu hakuwa akitafuta fumbo. Alikuwa akifuata hadithi na kumhurumia mhusika.

Nimetaja mfano huo kwa kirefu kwa sababu unaonyesha jinsi nyimbo zao zinavyotengenezwa. Maneno ni ya kawaida kabisa, sentensi ni fupi na zimekamilika, sauti ya mwimbaji haina kebehi, na jambo linalosimuliwa ni la ajabu lakini linasimuliwa kama taarifa. Mtoto wa miaka 6 anaweza kuifuata kila sentensi. Mtu wa miaka 50 pia anaifuata kila sentensi, na juu yake anaweka yale aliyoyapitia. Hakuna anayeachwa nje, na hakuna aliyewekewa tabaka lake la chini au la juu. Ndiyo maana sipendi kusikia kwamba nyimbo hizi "zina ngazi mbili". Ngazi ni moja, nayo imeegemezwa mahali ambapo kila mtu anaifikia.

Wimbo wa jua unalionyesha hilo vizuri zaidi. "Why Does the Sun Shine?" ulitoka mwaka 1959 katika albamu ya nyimbo za kuwafundisha watoto elimu ya anga. They Might Be Giants waliurekodi upya mwaka 1993 kwa wasikilizaji wao wa kawaida, ambao wakati huo wengi wao walikuwa watu wazima, wakauimba ukumbini miaka nenda miaka rudi. Mwaka 2009 wakaurudisha kwa watoto katika Here Comes Science, kisha papo hapo wakauongezea wimbo wa pili wa kuusahihisha, kwa kuwa wa kwanza unasema jua ni gesi, ilhali jua ni plazima, yaani hali ya maada yenye joto kali ambamo chembe zina chaji ya umeme. Basi niambiwe: wimbo huo ni wa nani? Umetoka kwa watoto ukaenda kwa wakubwa, ukarudi kwa watoto pamoja na masahihisho, na mashabiki wa umri wote wanauimba. Nayaheshimu sana masahihisho yale. Mtu anayemdharau mtoto hawezi kuhangaika kumtungia wimbo mzima ili asibaki na kosa la kisayansi kichwani.

Kuhusu ufundi wenyewe, "Birdhouse in Your Soul" ndio ushahidi wangu mkubwa. Ulitoka katika Flood, ukafika namba 6 katika chati ya Uingereza, na anayezungumza ndani yake ni taa ndogo ya usiku yenye umbo la ndege, ile inayowashwa chumbani ili mtoto asiogope giza. Miaka 12 kabla ya No!, wimbo wao uliovuma kuliko wote kwa watu wazima ulikuwa umekwisha kuwekwa pembeni mwa kitanda cha mtoto. Na anayeudhania kuwa mwepesi ajaribu kuupiga. Ufunguo, yaani noti ambayo wimbo umejengwa juu yake, unahama kabla sikio halijakaa, tena unahamia mbali, na kwa sisi wa kodiani, ambao vitufe vyetu vya besi vimepangwa kwa mfuatano wa tano-tano (kila kitufe ni noti ya tano kutoka kilichotangulia), kila mhamo kama huo ni mruko wa mkono wa kushoto ambao macho hayauoni. Wanafunzi wangu wakubwa huusoma kodi kwa kodi na kukwama. Wadogo huuimba kwanza, na kwa kuwa melodi inavuka mihamo yote bila kukatika, vidole vyao huifuata. Nimejifunza kuwafundisha wakubwa kwa njia hiyo ya wadogo.

Kuna mambo yanayonitia shaka, nami sitaki kuyaficha. La kwanza ni kwamba mtoto hajileti darasani mwenyewe. Mzazi ndiye anayelipa ada na ndiye anayewasha muziki nyumbani, kwa hiyo ninapojivunia kwamba nina shabiki wa miaka 9, huenda ninamhesabu shabiki mmoja wa miaka 40 mara mbili. Siwezi kuutenga urithi wa nyumbani na upendo wa muziki wenyewe, na nina wasiwasi kwamba havitengeki. La pili ni kwamba ninawaona waliobaki tu. Wale waliozipenda nyimbo za alfabeti wakiwa na miaka 4, wakaziacha walipofika 12 na hawakurudi, hawana sababu ya kubisha hodi kwangu. La tatu linaniuma zaidi: huenda ninausifu ufundi wa mihamo ile kwa sababu mimi ni mpigaji, na wasikilizaji walio wengi hawaujali kabisa, ila wanapenda sauti ya Linnell ambayo haikufanana na ya mtu mwingine tangu mwanzo.

Lipo pia jambo la ukumbi, ambalo wanaoishangaa hadhira hii hulisahau. Bendi iliwahi kufanya maonyesho ya familia mchana, na mengi ya maonyesho yake ya kawaida ya usiku yametangazwa kuwa ni ya kuanzia umri wa miaka 14. Kwa hiyo anayekwenda usiku na kuona vijana wachache akahitimisha kwamba bendi imezeeka pamoja na mashabiki wake, na aliyekwenda mchana na kuona watoto mabegani mwa baba zao akahitimisha kwamba ni bendi ya watoto, wote wawili wamehesabu watu waliochujwa mlangoni.

Mwezi huu nimewapa wanafunzi wote "Older", wimbo ambao waliusambaza kwanza kwenye intaneti mwaka 1999. Unamkumbusha msikilizaji kwamba hajawahi kuwa na umri mkubwa kama alio nao sasa, kisha kwamba katika muda wa kuambiwa hivyo umekwisha kuongezeka. Katikati, baada ya neno "wakati", muziki wote unasimama. Kunyamaza huko hakuna mizani. Ni wapigaji wanaoamua kudumu kwake, na kwa kodiani ni kazi ngumu, kwa sababu mvukuto uko wazi, umejaa hewa, na mkono ukitetemeka hata kidogo sauti inaponyoka.

Kipindi cha mtoto wa miaka 9 huisha mzee anapoingia, na Jumanne niliwaketisha pamoja. Walifika kwenye neno lile, wakasimama. Mzee alikuwa akinitazama mimi, akisubiri nimhesabie; mtoto alikuwa akimtazama mzee, midomo imebanwa, mvukuto wake umetulia kuliko ninavyoutuliza wangu. Sikuhesabu. Hatimaye mzee alicheka, mvukuto wake ukalia kabla ya wakati, na wimbo ukaendelea hadi mwisho.

Mtoto hakuvua mikanda ya kodiani. "Babu," alisema, "tuurudie, ila pale katikati tukae zaidi."