Je, wajua kwa nini ekstensheni huyeyuka fyuzi ikiwa nzima?

Bedsita nyingi za Pipeline au Kayole, jijini Nairobi, zina soketi moja tu ukutani, kwa hiyo ekstensheni hubeba kila kitu: birika la umeme, pasi, chaja ya simu. Asubuhi moja unasikia harufu ya plastiki inayoungua. Tundu limegeuka rangi ya kahawia. Ukifungua plagi, fyuzi ni nzima. Mbona haikukatika?

Fikiria tangi jeusi lililo juu ya ploti. Kadiri lilivyoinuliwa, ndivyo maji yanavyosukumwa kwa nguvu hadi kwenye mfereji wako. Msukumo huo ndio volti, na hapa Kenya ni 240. Maji yanayopita bombani kila sekunde ndiyo ampea. Wembamba wa bomba ni ukinzani, na kwa stima, kubanwa huko huzaa joto. (Mfano huu una mpaka: bomba likikatwa maji humwagika, lakini waya ukikatwa stima husimama, maana ni lazima iwe na njia ya kurudi.)

Sasa piga hesabu. Gawanya wati kwa volti: birika la wati 2000 linavuta ampea 8.3, pasi ya wati 1200 inavuta 5. Jumla 13.3. Waya mwembamba wa milimita za mraba 0.75, unaopatikana kwenye ekstensheni nyingi za bei rahisi, hustahili ampea 6 hivi. Tena ampea zikiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Waya huo basi unapata karibu mara tano ya joto unaloliweza.

Fyuzi ya ampea 13 iliyo ndani ya plagi haishtuki kwa 13.3, hata 16 huzivumilia kwa muda mrefu. Kazi yake ni kulinda waya, kwa hiyo ni lazima iwe dhaifu kuliko waya. Hapa mambo yamegeuka, na waya ndio unaoungua kwanza.

Mara nyingi uharibifu huanzia tunduni. Vibati vinavyoshika pini hulegea, vikagusa kwa nukta ndogo tu, na ampea zote zikapenya hapo. Joto huzidi kuvilegeza. Kuviringisha waya au kuufunika kwa zulia huongeza shida, kwa sababu joto halina pa kutokea.

Birika lichomeke ukutani moja kwa moja, na pasi ingoje zamu yake. Kwa vitu vinavyovuta stima nyingi, nunua ekstensheni iliyoandikwa 1.5 (milimita za mraba) kwenye ganda la waya. Ile nyembamba itie fyuzi ya ampea 5, ibaki ya simu na televisheni. Plagi iliyoungua pini ibadilishwe pamoja na soketi yake: pini yenye masizi ukiichomeka kwenye soketi mpya, itaichoma nayo.