Bildi si mwamba: maana ya kupima wazee utapiamlo

Juzi barazani hapa Malindi nimesikia tena: "Wazee wa pale makaoni wamepimwa utapiamlo, wote wametoka kijani." Nikauliza wamepimwa kwa kitu gani. Kumbe ni ule utepe wa rangi unaozungushwa mkononi mwa watoto kupima unene wa mkono, kijani salama, wekundu hatari! Nikanywa kahawa yangu nikanyamaza, lakini hii ni mara ya tatu.

Kwa kifupi, uchunguzi wa awali wa utapiamlo ni maswali machache na vipimo viwili vitatu anavyofanyiwa mzee anapoingia makaoni, kisha vikarudiwa, kwa kawaida kila mwezi, ili ijulikane nani yuko hatarini. Basi.

Tabu yote iko kwenye neno kupima. Ukipimwa malaria unarudi na jibu, unayo au huna, nasi tumezoea kwamba kila kipimo ni hukumu. Lakini pima ni jina pia: ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, kama mita 1.8 hivi. Manahodha walihesabu kina cha maji kwa pima, wakishusha bildi, yaani kamba yenye risasi nzito mwishoni. Bildi ikileta pima mbili haisemi jahazi limeshapanda mwamba. Inasema tua tanga, tazama mbele. Kazi ya uchunguzi wa awali ndiyo hiyo. Kama mzee ana utapiamlo kweli, na kama chanzo ni meno, dawa, maradhi au upweke, hayo huja baadaye, kwa daktari na mtaalamu wa lishe.

(Na pima yenyewe haijafa. Mzee asiyeweza kusimama, urefu wake hukadiriwa kwa nusu pima: toka kishimo cha koo hadi katikati ya kidole cha kati na cha pete, mkono ukiwa umenyooshwa.)

Waingereza wana kipimo chao cha uchunguzi huu wa awali, MUST, cha mwaka 2003. Kinatazama uzito ukilinganishwa na urefu, uzito uliopotea bila kukusudia kwa miezi mitatu hadi sita, na kama ugonjwa wa ghafla umemzuia mtu kula kwa zaidi ya siku tano. Kila kimoja kina alama zake, hujumlishwa; zikifika 2 tu, mtu yuko kwenye hatari kubwa. Sasa chukua mzee wa mita 1.60 aliyekuwa na kilo 60, leo ana 53. Ukimtazama si mwembamba hata kidogo, na uzito wake kwa urefu huo ni wa kawaida. Lakini kama ni ndani ya miezi hiyo na bila kukusudia, amepoteza zaidi ya 10%, na hiyo peke yake ni alama 2. Kama hakuna rekodi za uzito, uliza pete inayochezacheza kidoleni, meno ya bandia yaliyolegea, kikoi kinachozunguka kiuno kuliko zamani.

Ama ule utepe, wekundu wake ni chini ya sentimita 11.5, kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59. Mzee mwenye mkono wa sentimita 19, ngozi na mfupa, atatoka kijani kibichi. Kwa mtu mzima, chini ya 23.5 tayari ni dalili ya kushtuka.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa barazani, usiseme "hawana". Sema "mwezi huu hawajaonyesha hatari", tena baada ya kupimwa upya. Utepe ule warudishieni watoto wa kliniki.