Lenzi fiksi: haitoki, au haivuti?

Rafiki yangu mmoja ameitamani kamera ya Fujifilm X100VI kwa miezi kadhaa. Juzi akaniambia ameachana nayo. "Ile ni lenzi fiksi, haivuti." Sawa, hapo sina ugomvi. Kisha akaongeza kwamba sasa anaiangalia Sony RX100 VII, kwa kuwa "hiyo si fiksi, ina zumu." Tulikuwa mezani, watu wanakula, nikanyamaza. Ila si yeye peke yake, na kila ninapolisikia neno hili likitumiwa hivyo nahisi kama mtu ananiambia nyumba haina mlango kwa sababu haina ghorofa.

Maana yake ni fupi. Kamera ya lenzi fiksi ni ile ambayo lenzi imefungwa kwenye mwili wake kiwandani, mtumiaji hawezi kuichomoa akaweka nyingine. Basi. Maana hiyo haisemi lolote kuhusu kuvuta, wala udogo, wala bei. RX100 VII ni ya lenzi fiksi, na inavuta kutoka milimita 24 hadi 200 kwa kipimo cha kamera ya filamu (namba ikikua, kilicho mbali kinakuja karibu zaidi). Sony RX10 IV ni ya lenzi fiksi pia, inavuta hadi 600, na ina uzito wa zaidi ya kilo moja, kwa hiyo hata mfukoni haiingii.

Neno lenyewe tumelipokea kutoka Kiingereza, nacho kililipata kutoka Kilatini: figere, yaani kukaza, kukomea, kupigilia kitu kisiondoke. Swali ambalo hakuna anayejisumbua kuliuliza ni hili: kilichokazwa ni kipi? Kiingereza hulitumia neno hilo moja kwa mambo matatu. Kwanza, lenzi iliyokazwa kwenye kamera. Pili, lenzi ambayo urefu wake wa fokasi umekazwa, yaani inaona upana uleule siku zote, haivuti wala hairudishi. Tatu, fokasi iliyokazwa, kama kwenye zile kamera za filamu za kutumia mara moja na kutupa, ambazo hazilengi chochote: kila kilicho mbali zaidi ya hatua moja au mbili kinatoka wazi kiasi cha kuridhisha. Nimewahi kumsikia mtu akisema kamera ya lenzi fiksi "haina otofokasi", yaani haijilengi yenyewe. Huyo alikuwa ameshika maana ya tatu, ameitupia kamera ya maana ya kwanza.

Afadhali tungejisemea kwa lugha yetu, ambayo kwa hili ina unyofu kuliko Kiingereza. Lenzi isiyotoka. Lenzi isiyovuta. Hakuna atakayechanganya hayo mawili, maana kitenzi kimeshasema kazi yote. Zipo zinazotoka na hazivuti: ile lenzi maarufu ya Canon ya milimita 50 yenye f/1.8 (kipimo cha uwazi wa lenzi) unaizungusha inatoka, lakini upana wake ni mmoja hadi inakufa. Zipo zisizotoka na zinavuta, kama hizo Sony. Na zipo zisizotoka wala kuvuta.

Nadhani mkanganyo unatoka kwenye kundi hilo la mwisho, kwa sababu ndilo lenye majina makubwa. X100 ya kwanza ilitangazwa 2010 ikiwa na lenzi ya milimita 23. Ricoh GR iliingia kwenye sensa kubwa 2013 (sensa ya kamera, ile inayopokea mwanga na kuutengeneza picha, si ya kuhesabu watu). Sony RX1 ilikuja 2012, Leica Q 2015. Zote ndogo, zote ghali, zote lenzi haitoki, zote haivuti. Mtu aliyezijua kamera za aina hii kupitia hizo nne ataamini sifa hizo huzaliwa pamoja kama pacha. Canon G1 X Mark III ya 2017 ingemsahihisha: sensa kubwa kama ya X100, lenzi haitoki, na inavuta kutoka 24 hadi 72. Bahati mbaya haikupata jina.

Neno kompakti, ambalo kamera hizi ndogo huitwa, nalo lina kisa chake. Linatokana na Kilatini compactus, kilichounganishwa kikashikamana, na ndani yake kuna kitenzi pangere, ambacho hakina udugu na kupanga kwetu ingawa ungedhani. Maana yake? Kukaza. Kwa hiyo kompakti hapo asili si "kidogo" wala "cha bei nafuu", ni kitu ambacho sehemu zake zimekazwa zikawa kimoja. Ukisema kompakti ya lenzi fiksi umesema kukaza mara mbili. Na neno lenzi, kwa kuwa tumeshafika huku, ni dengu: lens ya Kilatini ni ile mbegu bapa iliyofura pande zote mbili. Waarabu nao waliona hivyohivyo, kioo wanakiita adasa na mbegu adas, na kutoka kwao sisi tukachukua adesi ya chunguni. Jina la kioo tukaja kulipata kupitia mlango mwingine, Kiingereza. Jambo hili halina faida kwa mnunuzi, lakini siwezi kulipita.

Turudi kwa mnunuzi. Akishatenganisha maneno, swali lake linagawanyika, na kila nusu ina jibu lake.

Nusu ya kwanza: uko tayari lenzi isitoke? Hapa kinachozungumzwa ni mali na matengenezo, si upigaji picha. Faida ni za kweli. Mbunifu anatengeneza kioo kwa ajili ya sensa moja tu, anaweza kukisogeza karibu nayo sana, na anaweza kuiweka shata (kile kinachofunguka na kufunga kuruhusu mwanga) ndani ya lenzi yenyewe, kama kwenye X100. Shata hiyo karibu haisikiki, na inaelewana na flashi kwenye kasi ambazo shata ya kawaida haiziwezi. Ricoh GR III ikizimwa, lenzi inazama mwilini na kamera inaingia mfuko wa suruali. Hasara nazo ni za kweli. Kwa kamera ya kubadilisha lenzi, mwili ukizeeka unanunua mwingine na lenzi zako zinahamia. Hapa hazihami. Unanunua vyote pamoja na utaviaga pamoja. Vumbi likipenya hadi kwenye sensa huwezi kulipuliza mwenyewe, na lenzi ikigoma ni kamera nzima inayokwenda kwa fundi.

Nusu ya pili: uko tayari lenzi isivute? Hili ndilo la upigaji picha, na ndilo linaloamua kama kamera itatumika au italala kabatini. Milimita 23 za X100, kwa ukubwa wa sensa yake, zinaona upana wa 35 wa kamera ya filamu. GR III inaona 28, ndugu yake GR IIIx inaona 40. Tofauti kati ya 28 na 40 kwenye karatasi ni ndogo, mkononi ni kamera mbili tofauti kabisa. Wauzaji watakwambia megapikseli ni nyingi, utakata picha baadaye. Hesabu yake ni hii: ukitaka upana wa lenzi yenye urefu maradufu, unabaki na robo ya picha. X100VI ina megapikseli 40, kwa hiyo kutoka 35 hadi 70 unabaki na 10. Zinatosha kwa mengi. Lakini huko ni kukata, si kuvuta. Wengine watakwambia "sogea tu". Kusogea ni kuzuri, ila kunabadilisha picha: pua ya unayempiga inakua, masikio yanarudi nyuma, na mlima uliokuwa nyuma yake unaonekana umedogoka. Aliyesimama mbali akavuta hapati picha hiyo.

Jibu la nusu hii ya pili halipo kwenye maelezo ya kiwandani. Chukua kamera yoyote inayovuta, iweke kwenye upana unaoufikiria, bandika utepe pete ya lenzi isizunguke, uishi nayo wiki mbili. Au fungua picha zako za zamani: kila faili inatunza urefu wa fokasi uliotumika. Ukikuta nyingi zimejazana karibu na 35 kwa kipimo hicho cha filamu, unajua. Ukikuta nyingi ziko 100 kwenda juu, unajua pia.

Rafiki yangu ni wa hao wa 100. Picha zake karibu zote ni za wanawe wakicheza mpira, yeye akiwa nje ya mstari. Kwa hiyo kuiacha X100VI hakukosea hata kidogo, na RX100 VII itamfaa. Nitakachomwomba ni kimoja tu: akifika dukani asiseme anataka kamera "isiyo fiksi". Muuzaji anayeijua kazi yake atamletea mwili mtupu, kisha aulize lenzi ngapi.