Vyama Vitano, Orodha Moja

Katika madarasa ya elimu ya uraia swali hili halikosekani: nchi yenye vyama vitano bungeni inawezaje kuitwa ya chama kimoja? Jibu langu huwa Ujerumani Mashariki, nchi ambayo wataalamu wake walisaidia kujenga maghorofa ya Unguja miaka ya 1960.

Mwaka 1946, katika uchaguzi wa majimbo, chama cha kikomunisti cha SED, kilichobebwa na Wasovieti waliotawala eneo hilo baada ya Vita Kuu ya Pili, hakikufikisha nusu ya kura katika jimbo lolote. CDU ya Wakristo na LDPD, iliyopendwa na wafanyabiashara, zilikuwa na nguvu za kweli. Jakob Kaiser, kiongozi wa CDU aliyekataa kuburuzwa, aliondolewa na Wasovieti Desemba 1947. Mwaka uliofuata vikazaliwa vyama viwili vipya kwa baraka zao: DBD ya wakulima, na NDPD ya wanajeshi wa zamani na hata waliokuwa wanachama wadogo wa chama cha Hitler. Lengo lilikuwa kuwagawa wafuasi wa CDU na LDPD.

Tangu 1963 bunge lilikuwa na viti 500: SED 127, na kila kimoja cha vyama vingine vinne, ambavyo sasa vilikuwa vyama rafiki vya SED, 52. Ukihesabu juu juu, utasema SED ni wachache. Lakini viti vilivyobaki vilikuwa vya jumuiya za wafanyakazi, vijana, wanawake na utamaduni, na wengi wa wabunge wake walikuwa na kadi ya SED. Mgao huo ulipangwa kabla ya kura, na kura hazikuubadilisha.

Siku ya uchaguzi mpiga kura alipewa karatasi yenye orodha moja ya wagombea wa vyama vyote. Hakuhitaji kuweka alama. Aliikunja tu, akaitumbukiza sandukuni mbele ya macho ya watu. Kibanda cha siri kilikuwepo, ila aliyekiendea alitiliwa shaka. Hapo ndipo ninapowaomba wanafunzi watazame, kabla ya kuhesabu vyama: nani kaiandika orodha?

Hata hivyo, nisiwadhulumu wanachama wa vyama hivyo rafiki. Machi 9, 1972, sheria ya kuruhusu utoaji mimba ilipofika bungeni, wabunge 14 wa CDU walipiga kura ya hapana na wanane hawakuegemea upande wowote. Bunge hilo halikuwa limewahi kuona kura za hapana, wala halikuziona tena hadi 1989.

Desemba 1, 1989, bunge hilohilo likafuta katika katiba kifungu kilichoipa SED uongozi wa nchi. Machi 18, 1990, orodha mbalimbali zikashindana, na CDU ikaongoza kwa takriban asilimia 41.