Rekodi safi na mtu wa mechi kubwa: tunavyowapima vibaya mabondia

Kijiwe chetu cha kahawa hapa Magomeni, Mtwara, hujaa baada ya swala ya isha. Kahawa, kashata, bao, halafu ubishi: bondia gani mkubwa kuliko wote tangu ngumi zianze? Mimi jioni nafundisha vijana ngumi, na yanayosemwa kijiweni usiku hunifuata mazoezini kesho yake. Mwezi uliopita kijana wangu mmoja, mwenye mapambano sita na ushindi sita, alikataa pambano la Masasi. Alikaa kwenye benchi akifungua bandeji ya mkono taratibu, macho chini. "Kocha, mjomba kasema nisikubali. Yule jamaa mgumu, ntachafua rekodi."

Kwa ajili yake nimeandika haya.

Dhana: Asiyewahi kupigwa ndiye mkubwa kuliko wote

Floyd Mayweather alistaafu ngumi za kulipwa mwaka 2017 akiwa na 50-0, yaani ushindi 50 bila kupigwa hata mara moja. Rocky Marciano alistaafu mwaka 1956 akiwa na 49-0. Hiyo ni kazi nzito na hakuna wa kuwanyang'anya. Ila namba peke yake haisemi ulipigana na nani, wala ulimkuta katika hali gani. Marciano alipomwangusha Joe Louis mwaka 1951, Louis alikuwa na miaka 37, alishastaafu mara moja na kurudi.

Mtazame Sugar Ray Robinson, ambaye wajuzi wengi wa ngumi humtaja wa kwanza. Huyu kapoteza mapambano 19. Kipigo chake cha kwanza alikipata kwa Jake LaMotta, Februari 1943. Unajua alifanya nini? Wiki tatu tu baadaye alipanda ulingoni na LaMotta yuleyule, akamshinda. Walikutana mara sita, Robinson akachukua tano. Hakupoteza tena hadi Julai 1951, alipopigwa na Randy Turpin kule London, na Septemba hiyohiyo akamrudia Turpin New York akachukua mkanda wake. Vipigo vingi kati ya vile 19 vilimkuta baadaye, alipokwisha kustaafu akarudi, umri umekwenda.

Muhammad Ali alipoteza matano. Joe Frazier na Ken Norton, waliomtangulia kumpiga, aliwarudia wote wawili, na Ali akamshinda kila mmoja mara mbili.

Hata nje ya ngumi ni hivyohivyo. Kwenye besiboli ya Marekani, mrushaji mpira mwenye ushindi mwingi kuliko wote ni Cy Young, mechi 511. Huyohuyo ndiye aliyepoteza nyingi kuliko wote, 315. Na tuzo ya mrushaji bora wa mwaka imepewa jina lake. Wenzetu waliona kwamba kupoteza mara 315 maana yake mtu alikuwepo uwanjani, mwaka baada ya mwaka, wengine wakiwa wameshakwenda nyumbani.

Dhana: Kinshasa, Ali alijilaza tu kwenye kamba mpaka Foreman akachoka

Kijiweni hii husimuliwa kama hekaya ya sungura. Tarehe 30 Oktoba 1974, alfajiri, George Foreman aliingia na mapambano 40 bila kupigwa, 37 kati ya hayo akiwa amemaliza kwa KO, mpinzani hawezi kuendelea. Ali alikuwa na miaka 32, Foreman 25. Kweli Ali aliegemea kamba. Lakini raundi ya kwanza alianza kwa kushambulia, tena kwa mkono wa kulia moja kwa moja usoni, na hata akiwa kwenye kamba aliendelea kumrudishia Foreman ngumi za usoni. Foreman alipoanguka raundi ya nane, majaji wote watatu walikuwa na Ali mbele kwa pointi. Mtu anayengoja bahati haongozi kwa majaji watatu.

Dhana: Mtu wa mechi kubwa hubadilika dakika za mwisho

Machi 17, 1990, Las Vegas, Julio César Chávez na Meldrick Taylor, wote hawajapigwa. Taylor alikuwa anaongoza kwa majaji wawili. Raundi ya 12 ikielekea ukingoni, Chávez alimwangusha. Taylor akainuka, refa Richard Steele akamuuliza kama yuko sawa, Taylor akageuka kutazama kona yake bila kujibu. Steele akasimamisha pambano zikiwa zimebaki sekunde mbili.

Watu wanabishania sekunde hizo mpaka leo. Mimi huwaambia vijana wangu wazitazame raundi za kati. Taylor alikuwa anarusha ngumi nyingi zaidi na za kasi zaidi, lakini za Chávez zilikuwa zinazama. Uso wa Taylor ulivimba, damu aliimeza, na mfupa wa usoni ulikuwa umevunjika. Mkono uliomwangusha mwishoni ulikuta mwili uliokwisha kuliwa kwa zaidi ya nusu saa.

Dhana: Usiku mmoja unatosha kumjua mtu

Don Larsen, mwaka 1956, fainali ya besiboli ya Marekani, alirusha mechi nzima bila mpinzani hata mmoja kufika kituo cha kwanza. Hakuna mwingine aliyewahi kufanya hivyo kwenye fainali hizo. Maisha yake yote alishinda mechi 81 akapoteza 91. Buster Douglas alimwangusha Mike Tyson Tokyo mwaka 1990, na pambano lililofuata tu akapigwa.

Upande wa pili yuko Mariano Rivera wa besiboli hiyohiyo, bora kuliko wote kati ya warushaji wanaoingizwa mwishoni kulinda ushindi wa timu, mechi 652 za ligi alizozilinda mpaka mwisho. Mechi ya saba, ya mwisho, ya fainali ya 2001 ilimponyoka mkononi. Hata hivyo aliendelea kupewa mpira misimu iliyofuata.

Dhana: Wetu wakienda ugenini wanakwenda kupigwa

Titus Simba alileta medali ya fedha ya michezo ya Jumuiya ya Madola kutoka Edinburgh 1970, Michael Yombayomba dhahabu kutoka Kuala Lumpur 1998. Septemba 2018 Hassan Mwakinyo alimmaliza Sam Eggington raundi ya pili, Birmingham, kwao Eggington.

Kwetu huku neno la mjomba ni zito, kwa hiyo nilimfuata mzee nyumbani kwake. Nilimkuta anageuza korosho juani. Nikamsimulia Robinson na zile wiki tatu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaokota korosho moja mbovu akaitupa pembeni.

"Akipigwa je, mwalimu?"

"Tutaomba marudiano, mzee."

Akageuza mstari mzima mwingine kabla ya kusema tena. "Basi msubiri tumalize mnada. Hawezi kujiandaa huku anabeba magunia."

Jumatatu kijana alikuja mazoezini kabla ya wenzake wote.