Kwa nini Qin Shi Huang, mfalme wa kwanza wa China nzima, alizikwa na jeshi la sanamu za udongo?

Kila nikitoa mhadhara kuhusu China ya kale naulizwa swali hili, na muulizaji huwa keshajijibu: sanamu zilichukua nafasi ya watu waliokuwa wakiuawa ili wamfuate mfalme kaburini. Nadharia hiyo ina mashiko. Mtawala Mu wa Qin, dola ambayo baadaye ilikuwa ya Qin Shi Huang, alipofariki mwaka 621 K.K. alizikwa na watu 177, na desturi hiyo ikaja kupigwa marufuku huko Qin mwaka 384 K.K.

Kinachonikwaza ni Sima Qian, mwanahistoria aliyeandika miaka mia moja hivi baada ya mazishi ya Qin Shi Huang mwaka 210 K.K. Anasema masuria wasiokuwa na watoto waliamriwa kufa pamoja na bwana wao. Kama udongo ulitosha, wao waliuawa kwa nini? (Jeshi lenyewe hakulitaja kabisa, liligunduliwa mwaka 1974 na wakulima waliokuwa wakichimba kisima.)

Wengine husema ni ulinzi. Mashimo yako kilomita 1.5 mashariki ya kaburi, na askari wengi wameelekea huko huko mashariki, zilikokuwa dola alizozishinda. Silaha zao ni za kweli. Sawa, lakini wamlinde dhidi ya nani? Katika shimo jingine zimepatikana dirii za vipande vya mawe vilivyofungwa kwa waya wa shaba. Moja iliyoungwa upya ina kilo 18 hivi, na jiwe likipigwa hupasuka. Vitani haifai hata kidogo, ndiyo maana wapo wanaoamini ilikusudiwa kuzuia mizimu ya waliouawa na majeshi yake. Hoja hiyo naiheshimu.

Ile nadharia kwamba alitaka kujitangaza siikubali: nani angeliona chini ya ardhi?

Mimi nadhani tumewakodolea macho mno askari. Kuna shimo la makarani wa udongo, kiunoni wamening'iniza kisu kidogo cha kukwangulia maandishi na jiwe la kukinolea. Kuna wanasarakasi. Kuna ndege wa shaba kando ya mfereji, na korongo mmoja ana mnyoo mdomoni. Huyu alihamisha ikulu nzima, na jeshi ni idara mojawapo tu. Mfalme Jing wa Han, nasaba iliyofuata ile ya Qin, aliyefariki 141 K.K., alifanya vivyo hivyo kwa sanamu za kimo cha sentimita 60 hivi, na humo mashimoni mwake wachimbaji wamekuta hadi mihuri ya ofisi za serikali.