Filta ya oili yenye "99%": upimaji huru hupima nini hasa

Boksi moja la filta ya oili limeandikwa 99%. Boksi la jirani yake kwenye rafu halina namba yoyote, na bei yake ni nusu. Mwenye duka anasema zote ni OG, bosi, chagua tu. Kabla ya kuchagua, iulize ile namba: asilimia 99 ya nini? Uchafu wa ukubwa gani, kwa jaribio lipi, na aliyepima ni nani?

Upimaji huru wa filta za oili ni kazi ya kujibu maswali hayo bila kumtegemea anayeuza. Maabara, au mtu asiyenufaika na mauzo, hununua filta za kampuni mbalimbali zinazoingia kwenye injini moja, huzipitisha zote kwenye jaribio lilelile, kwa uchafu uleule na kwa kasi ileile ya oili, kisha huyatoa matokeo yote ili yalinganishwe. Likikosekana sharti mojawapo kati ya hayo, kinachobaki ni maoni, hata kama yamepambwa kwa grafu.

Kipimo kinachotawala uwanja huu ni maikroni, yaani sehemu ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu una unene wa maikroni 70 hivi. Uchafu unaoila injini ni mdogo kuliko huo, kwa kuwa utando wa oili unaoitenga krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) na beringi zake, injini inapofanya kazi, ni wa maikroni chache tu. Chembe iliyo ndogo kuliko utando hupita bila kugusa pande zote mbili. Ile inayolingana na utando au kuuzidi kidogo ndiyo inayokwaruza, tena inakwaruza kila inapozunguka. Mwaka 1988 wahandisi wa General Motors walichapisha kupitia SAE, jumuiya ya wahandisi wa magari ya Marekani, majaribio ambamo oili ya injini ilitiwa vumbi makusudi ili uchakavu uende haraka. Ikilinganishwa na filta ya maikroni 40, ile ya maikroni 30 ilipunguza uchakavu kwa nusu, na ya maikroni 15 kwa asilimia 70. Injini ya kawaida haitiwi vumbi na mtu, kwa hiyo asitokee wa kukuambia injini yako itaishi mara tatu zaidi. Utafiti ule ulionyesha jambo dogo kuliko hilo: ukubwa wa chembe zinazoachwa zipite una uzito.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Tunaifikiria filta kama chekeche ya unga, yenye matundu ya ukubwa mmoja, kinachozidi tundu kinabaki na kinachopungua kinapita. Filta ya oili haina tundu la ukubwa mmoja. Ndani yake kuna nyuzi zilizolaliana bila mpangilio, na nafasi kati yake ni za kila ukubwa. Filta hiyohiyo moja inaweza kuzuia karibu chembe zote za maikroni 40, nyingi za maikroni 20, na chache za maikroni 5. Ndiyo maana maneno "filta ya maikroni 20" peke yake hayasemi kitu. Kampuni moja inaweza kuyaandika kwa sababu filta yake inakamata nusu ya chembe za ukubwa huo, nyingine kwa sababu inakamata karibu zote, na hakuna kati yao iliyodanganya.

Maabara hukwepa utata huo kwa uwiano unaoitwa beta. Chembe za ukubwa fulani huhesabiwa kabla ya filta na baada yake, kisha hesabu ya kwanza hugawanywa kwa ya pili. Zikiingia chembe 1,000 na kutoka 500, beta ni 2, yaani ufanisi wa asilimia 50. Zikitoka 50, beta ni 20, sawa na asilimia 95. Zikitoka 10, beta ni 100, sawa na asilimia 99. Utaona asilimia zinavyotupumbaza: kati ya 95 na 99 macho yanaona tofauti ya pointi nne, lakini filta ya kwanza inapitisha uchafu mara tano ya ile ya pili. Anayelinganisha filta nzuri na nzuri zaidi ahesabu kinachopita, maana kinachozuiwa huonekana kingi kwa zote.

Jaribio lenyewe lina kiwango cha kimataifa, ISO 4548-12, kilichotoka mwaka 2000 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2017. Filta huungwa kwenye mfumo wa mabomba unaozungusha oili nyepesi bila kusimama. Hapo hakuna injini. Vumbi lililochanganywa na oili huingizwa upande wa kabla ya filta, kidogo kidogo na kwa kiwango kisichobadilika. Mitambo miwili ya kuhesabu chembe kwa mwanga husimama, mmoja kabla na mwingine baada. Chembe zilizoiponyoka filta hurudi kuzunguka na kukutana nayo tena, kama zinavyofanya ndani ya gari. Mzunguko unaendelea hadi filta izibe kiasi kwamba tofauti ya presha kati ya pande mbili inafikia kikomo kilichowekwa. Vumbi lenyewe si la kuokota barabarani. Lina kiwango chake, ISO 12103-1, na kwa asili ni mchanga laini wa jangwa la Arizona, uliosagwa na kupangwa kwa ukubwa, ili maabara ya Texas na ya Ufaransa zitumie uchafu unaofanana.

Mwisho wa jaribio kuna majibu matatu, na boksi kwa kawaida hukupa moja tu. La kwanza ni ufanisi kwa kila ukubwa wa chembe. La pili ni uwezo wa kubeba, gramu ngapi za vumbi filta ilimeza kabla ya kuziba. La tatu ni ukinzani, presha inayopotea oili inapopenya. Matatu haya huvutana. Ukitaka kukamata chembe ndogo zaidi kwa karatasi ya selulosi ya kawaida, unakaza nafasi za nyuzi, na hapo ukinzani unapanda na filta inajaa mapema. Njia ya kutoka ni kuongeza eneo la mikunjo, au kutumia nyuzi sintetiki na za kioo, ambazo ni nyembamba kuliko za selulosi na huacha nafasi nyingi zaidi za oili kupita. Bei inapanda kwa sababu hiyo, na mara nyingine kwa sababu ya rangi ya kopo tu. Upimaji ndio unaotenganisha sababu hizo mbili.

Ukinzani una maana yake kwa injini. Filta nyingi zina valvu ya dharura inayofunguka tofauti ya presha ikifika kiwango fulani, mara nyingi kati ya psi (kipimo cha presha) 8 na 22 kutegemea injini. Asubuhi ya baridi oili ikiwa nzito, au filta ikiwa imeziba, valvu inafunguka na oili inaenda kwenye beringi bila kuchujwa. Afadhali oili chafu kuliko kukosa oili kabisa. Lakini filta inayofungua valvu hiyo kila mara ni filta kwa jina, na asilimia yake kwenye boksi haina kazi wakati valvu iko wazi.

Baadhi ya filta, zikikaribia kujaa, huanza kuachia chembe zilizokwisha kukamatwa kwa sababu presha inazisukuma kutoka upande wa pili. Kwa hiyo ule usemi wa mafundi kwamba filta ikichafuka kidogo inachuja vizuri zaidi hauwezi kuchukuliwa kuwa kanuni. Ripoti nzuri itakuonyesha ufanisi ukibadilika tangu filta ikiwa mpya hadi inapojaa. Ripoti ya namba moja ya wastani inakuficha hilo.

Tuje kwenye neno "huru". Maabara kama Southwest Research Institute ya San Antonio, Texas, au IFTS ya Ufaransa, hupima filta kwa malipo. Kulipwa hakuondoi uhuru. Kinachouondoa ni mtengenezaji kuchagua mwenyewe filta ya kupimwa, kisha kuchagua tena matokeo ya kutangazwa. Mpimaji huru hununua dukani kama wewe, na hutoa majibu yote hata yale ya aibu. Anapima zaidi ya filta moja ya kila aina, maana filta moja mbovu inaweza kuwa bahati mbaya ya kiwandani siku hiyo, na moja nzuri inaweza kuwa bahati pia. Anataja namba ya filta na nchi ilikotengenezwa. Hilo si la kupuuza: filta za Toyota zenye kazi ileile hutengenezwa katika nchi tofauti, na ukizikata hazifanani ndani. Pia halinganishi kopo dogo la Vitz na kopo kubwa la Land Cruiser kisha akasifu kampuni ya kopo kubwa. Karatasi ikiwa na eneo kubwa, oili hupenya polepole, na hiyo peke yake hubadilisha matokeo.

Gharama ya maabara ndiyo imezaa upimaji wa pili, ule wa kukata filta na kuangalia. Unapendwa sana, na mimi nauheshimu kwa mipaka yake. Ukitumia kikata filta cha gurudumu (msumeno wa chuma utajaza vumbi la chuma ndani na kukuchafulia ushahidi), unaweza kuhesabu mikunjo, kuinyoosha karatasi na kupima eneo lake, kuona kama gundi imeshika kwenye mshono, na kama valvu inayozuia oili isirudi chini injini ikizimwa ni ya silikoni, inayovumilia joto, au ya mpira wa kawaida unaokakamaa mapema. Utaona karatasi iliyochanika, mikunjo iliyolala upande mmoja, au mwanya pale kitako cha karatasi kinapokutana na springi, ambapo oili inapita kando bila kuchujwa.

Usichoweza kuona ni ufanisi. Jicho halioni maikroni 20. Karatasi nene si lazima ichuje vizuri, na vitako vya karatasi ngumu badala ya bati, vinavyochekwa sana, havijathibitisha ubovu wowote vikiwa vimegundishwa sawasawa. Kukosa valvu ya dharura ndani ya kopo nako si kasoro kila mara, kwa sababu baadhi ya injini zinayo kwenye bloku, yaani mwili wa injini wenyewe. Kuna pia wanaomimina maji kwenye filta mbili na kutangaza inayopitisha haraka kuwa mshindi. Wamepima ukinzani, tena kwa maji baridi yasiyo na presha ya pampu. Hata tundu linapitisha haraka.

Wengine hupeleka oili iliyotumika maabara na kulinganisha kiasi cha chuma. Kipimo hicho ni kizuri kwa afya ya injini, lakini ni dhaifu kwa kulinganisha filta. Mashine za kawaida za kusoma metali huona zaidi chembe ndogo sana, za chini ya maikroni 8 hivi, yaani zile ambazo filta nyingi huziacha zipite. Anayetaka kuijua filta yake kupitia oili aombe hesabu ya chembe kwa mfumo wa ISO 4406, unaotoa namba tatu kwa chembe za kuanzia maikroni 4, 6 na 14. Na oili kuwa nyeusi kwenye dipstiki haisemi lolote kuhusu filta. Weusi huo ni masizi, chembe nyingi zake zikiwa chini ya maikroni 1, na hakuna filta ya kawaida ya gari inayodai kuyakamata.

Kwetu, kuanzia Kariakoo ya Dar es Salaam hadi Kirinyaga Road ya Nairobi, lipo tatizo ambalo majaribio ya Texas hayaligusi. Ripoti inapima filta halisi ya kampuni fulani, nawe umenunua boksi linalofanana na la kampuni hiyo. Kama ni feki, matokeo yote hayakuhusu. Hapa ndipo kukata kunapokuwa na thamani kuliko mashine ya kuhesabu chembe, kwa kuwa feki mara nyingi hujitangaza wazi: mikunjo michache kuliko ya filta halisi, karatasi isiyogundishwa, valvu ya mpira iliyokatwa vibaya. Gereji inayonunua filta kwa katoni inaweza kukata moja na kuilinganisha na halisi iliyotoka kwa wakala. Hasara ni filta moja.

Mwenye gari moja hana anasa hiyo. Atazame kama ripoti au boksi linataja ISO 4548-12, asilimia, na ukubwa wa chembe, vyote vitatu pamoja. "99% kwa maikroni 20" ni dai linaloweza kuthibitishwa au kukanushwa. "Ulinzi wa 99%" ni tangazo. Na kama anamwaga oili kila kilomita 5,000, uwezo mkubwa wa kubeba gramu za vumbi, ambao ndio unaopandisha bei ya filta za muda mrefu, ataulipia na kuutupa haujafika hata nusu.